Gari Lililochuchumaa Usiku

Akina mama wenzetu, huenda mkashangaa kukuta habari za gari katika kurasa ambazo kwa kawaida huzungumzia malezi, mapishi na afya ya nyumba. Hata sisi tulisita kuandika. Lakini gari likishaingia katika nyumba huanza kula kama mmoja wa watoto, na pengine hula chakula cha watoto wenyewe. Letu lilikula ada ya binti yetu mkubwa, na nusura lituchukulie baba watoto. Ndiyo maana tumeona tuandike, ili mama mwingine ambaye mume wake anapiga hesabu za gari kubwa la zamani apate cha kumwuliza kabla fedha haijatoka mkononi.

Sisi ni watu wa Ngara. Mwenye kuijua nchi yetu anajua milima yake, baridi yake ya alfajiri na ukungu unaolala mabondeni mpaka jua lipande. Baba watoto alijifunza gari katika mwaka ambao hakuna mtu wa Ngara anaweza kuusahau. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na pale Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, likazuka jiji la mahema. Vijana wa kwetu wengi walipata kazi siku hizo. Yeye alipata ya udereva, akaendesha magari meupe ya misaada mchana na usiku, kwenye vumbi na kwenye tope. Magari yale yalikuwa na springi za chuma. Springi ya chuma ikivunjika unaiona, unaifungua, unafunga nyingine au unaomba mchomeleaji akusaidie ufike. Tangu hapo baba watoto aliamini kwamba hakuna gari asilolijua, na sisi tuliamini hivyo pamoja naye.

Basi mwaka 2021 akatokea mtu Dar es Salaam anayehama nchi, anauza gari la kifahari la miaka ishirini. Viti vya ngozi, vioo vinavyoshuka vyenyewe, na bei yake haikuzidi bei ya bajaji mbili. Aina yake hatuitaji, kwa sababu kilichotupata hakikuwa kosa la waliolitengeneza. Mpira wa miaka ishirini ni mpira wa miaka ishirini, uwe wa nani.

Lilipofika Ngara watoto walipiga makofi. Mlimani lilipanda bila kelele, na kwenye mashimo lilipita kama linaelea. Mama mkwe, ambaye mgongo humsumbua, alisema hajapata kusafiri bila kuumia tangu aache kubebwa mgongoni. Jambo lililowafurahisha watoto zaidi ni kitufe kimoja karibu na usukani: ukikibonyeza gari linajiinua, ukikibonyeza tena linashuka.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri yake. Gari la namna hiyo halina springi za chuma. Badala yake kila gurudumu lina mfuko wa mpira mnene uliojazwa upepo, nao ndio unaobeba uzito wote. Pampu ndogo ya umeme, ambayo mafundi huiita kompresa, inasukuma upepo kwenye tangi. Kutoka tangini unapita katika kisanduku cha vali, halafu kwenye mabomba membamba ya plastiki mpaka katika mifuko. Karibu na kila gurudumu kuna sensa inayopima kimo cha gari na kupeleka taarifa kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo huamua mfuko upi uongezwe upepo na upi upunguzwe. Si jambo jipya. Mercedes-Benz walikuwa na magari ya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, Toyota walilipatia Celsior yao mwaka 1989, na Range Rover ziliwekewa mwaka 1992. Mabasi na matrela yamekuwa nayo kwa miaka mingi. Geni lilikuwa kwetu tu.

Haukupita mwezi wa tatu tukaanza kulikuta asubuhi limechuchumaa. Jioni tumeliacha limesimama vizuri, alfajiri bodi limekaribia kugusa matairi pande zote nne, kama kuku aliyeatamia. Baba watoto akiwasha injini linajiinua taratibu. Mwanzoni lilichukua dakika moja, kisha tano, kisha kumi. Yeye alisema ni baridi ya Ngara. Hakukosea kabisa, maana upepo ukipoa hupungua nguvu, na mpira mkavu ukipoa hujikaza na kuachia nafasi. Lakini baridi haiangushi gari zima kwa usiku mmoja.

Ni katika siku hizo ambapo mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, alituamsha usiku akilia kwamba kuna nyoka chini ya gari. Tulitoka na tochi na fimbo. Jirani naye akaja na panga. Tulisikiliza, na kweli, kulikuwa na mlio mwembamba, ssss, halafu kimya, halafu ssss tena. Tulipiga mawe, tukamwaga mafuta ya taa, nyoka hakutoka. Tulirudi kulala tukimlaumu mtoto kwamba ametupotezea usingizi. Laiti tungemsikiliza! Mtoto yule alikuwa amegundua ugonjwa wa gari bure kabisa, na sisi tukaenda kulipa watu wazima fedha nyingi ili watuambie jambo lisilo la kweli.

Fundi wa kwanza, ambaye gereji yake hatutaitaja, alisikiliza kompresa akasema imechoka. Kompresa mpya ikaagizwa: shilingi 1,350,000 pamoja na ufundi. Gari likasimama, tukafurahi. Baada ya majuma saba likachuchumaa tena. Fundi yule yule akasema kompresa tuliyoletewa ilikuwa hafifu, tuagize nyingine.

Hapa inabidi tuseme jambo la nyumbani. Tulikuwa na fedha zilizowekwa kwa ajili ya binti yetu mkubwa, aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi upande wa Mwanza. Zilikuwa fedha za maharage ya misimu miwili, na za cherehani, kwa kuwa sisi tunashona. Baba watoto alizichukua akanunua kompresa ya pili. Hakusema. Alifikiri atazirudisha kahawa ikiuzwa. Tuligundua siku tulipotaka kwenda benki, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili binti aripoti chuoni.

Hatutaandika yaliyosemwa usiku ule. Mama mwenye nyumba anaweza kuyajua. Tutasema tu kwamba baada ya hapo nyumba ilikaa kimya. Tulizungumza kwa kupitia watoto: mwambie baba chakula tayari, mwambie mama naenda shamba. Binti mwenyewe alisema hatakwenda chuo, atangoja mwaka ujao, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu mzima anayewahurumia wazazi wake. Sauti ile ilituumiza kuliko fedha zilizopotea. Tulikwenda kwenye kikundi chetu cha VICOBA, tukakopa kwa jina letu, ada ikalipwa. Deni likawa la mama, gari likawa la baba. Ndivyo tulivyokuwa tunaona wakati huo.

Siku ya safari baba watoto akasema binti yake hatapanda basi na sanduku, atampeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Tulijua anataka kurudisha heshima yake, tukakubali. Mpango ulikuwa tulale Nyakanazi kwa shangazi, kesho yake twende Mwanza. Tulichelewa kutoka kwa sababu gari lilichukua karibu nusu saa kujiinua. Tulishuka mpaka Benaco, tukaingia njia kuu ya malori yaendayo na kutoka Kigali. Ile barabara ya Rusumo mpaka Lusahunga, kama kilometa 90, ilikuwa na mashimo ya kumfanya dereva aendeshe kama mlevi, huku na huku.

Tulipokwisha kupita Nyakahura jua likiwa linazama, upande wa nyuma kushoto ukashuka. Haukupiga kelele. Ulishuka tu, kama mtu anayeketi. Gari likainama, taa ya onyo ikawaka, na tairi likaanza kunuka.

Wale wakubwa miongoni mwa wasomaji wa Ngara na Biharamulo wanakumbuka mapori yale. Kulikuwa na miaka ambapo magari hayakupita bila msafara na askari, kwa hofu ya majambazi wenye bunduki. Mambo yamebadilika sana, na sehemu kubwa ya mapori ya Biharamulo na Burigi imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, lakini hofu haiishi kwa tangazo la serikali. Tulikuwa na binti, sanduku lake, ndoo yake ya chuo na giza likiingia.

Baba watoto akafanya kile alichofanya mara elfu siku za 1994. Akatoa jeki, akaipachika pembeni mwa barabara kwenye udongo mlaini, akainua, akalala chali akaingiza kichwa na mabega chini ya madgadi kuangalia. Wakati huo huo lori lililokuwa linatoka upande wa Rusumo likapunguza mwendo na kusimama. Dereva alishuka akipiga kelele kabla hajafunga mlango: “Mzee, toka! Toka hapo!” Hakungoja. Alimshika baba watoto miguu yote miwili akamvuta kama gunia. Jeki ikazama upande, na gari likaketi pale pale kilipokuwa kifua chake.

Tulisimama tu. Binti alikuwa ameshika ndoo. Hakuna aliyelia, machozi yalikuja baadaye, Nyakanazi, wakati wa kula.

Dereva yule, ambaye jina lake hatukuwahi kuliuliza mpaka leo, na jambo hilo linatusuta, hakugombeza. Alimpa baba watoto maji, kisha akaeleza. Gari la springi za upepo, alisema, haliaminiki likiwa juu ya jeki, hata kama jeki ni nzima na ardhi ni ngumu. Kompyuta ikiona upande mmoja umepanda, hudhani gari limejiinua kupita kiasi, nayo huamuru upepo utoke kwenye mfuko ule. Ukishusha jeki, gari linashuka chini kuliko lilivyokuwa. Kwa hiyo kwanza ung'oe fyuzi ya mfumo huo ili kompyuta isiamue chochote, pili uweke magogo au stendi chini ya chesisi, tatu ndipo uchungulie. Mtu asiingie chini ya kitu kinachoshikiliwa na upepo peke yake. Tunaandika hili kwa herufi za kawaida, lakini mama mwenye watoto wanaopenda kutafuta mpira wao chini ya gari alisome mara mbili.

Utingo wake akaleta magogo mawili na kipande cha ubao wa kuwekea jeki. Gari likainuliwa upya na kukalishwa juu ya magogo. Kisha dereva akauliza jambo lililotushangaza: “Mna sabuni?”

Binti yetu alikuwa na sabuni ya unga ya muhula mzima. Tukakoroga povu katika ile ndoo mpya. Injini ikawashwa kidogo ili pampu isukume upepo uliobaki, naye akamwagia povu kwa kikombe kupitia nafasi ya juu ya tairi, huku utingo akimulika tochi. Hatukungoja. Pale mfuko unapojikunja, mapovu makubwa yalianza kutoka moja baada ya jingine, na tukausikia ule mlio. Ssss. Tuliangaliana. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na mbili baba watoto alituambia neno moja kwa moja, bila kupitia kwa mtoto. Alisema: “Nyoka.”

Dereva alitueleza kwamba trela lake lina mifuko ya namna ile ile, ni mikubwa tu zaidi, na kwamba njia ya Kigali imejaa watu wanaoijua. Kuhusu zile kompresa mbili alicheka kwa huzuni. Kompresa haifi yenyewe, alisema, inauawa. Mfuko ukivuja, pampu hufanya kazi bila kupumzika, hupata moto, na pete iliyo kwenye pistoni yake huisha. Sisi tulilielewa hilo haraka. Ni kama mama anayechota maji mtoni kujaza mtungi uliotoboka. Ataanguka njiani siku moja, na watu watasema mama huyu ni mvivu, leteni mwingine. Wataleta wa pili, wa tatu, na mtungi upo pale pale umetoboka.

Tulifika Nyakanazi kwa mwendo wa punda, gari likiwa limekalia vile vipande vya mpira mgumu vinavyozuia chuma kugonga chuma. Inawezekana kwenda hivyo kwa dharura, polepole sana, bila kukata kona kwa nguvu. Asubuhi yake tulimchukua binti kwa basi mpaka Mwanza. (Wakati huo tulivuka kwa kivuko cha Busisi, tukisubiri foleni. Daraja lilifunguliwa Juni 2025.) Aliripoti siku ile ile iliyopangwa. Baba watoto alibaki Nyakanazi kwa shangazi, na gari lake.

Tuliporudi baada ya siku tatu tulimkuta na fundi wa matrela, kijana mwenye maneno machache. Alikuwa ametuliza jambo moja ambalo fundi wa kwanza hakulifikiria: kwa nini gari lilikuwa linashuka pande zote nne ikiwa mfuko unaovuja ni mmoja? Jibu ni kwamba magari mengine ya aina hii hujisawazisha hata yakiwa yameegeshwa. Kona moja ikishuka, kompyuta inaamka, inatoa upepo kwenye kona nyingine tatu ili gari lisikae upande. Asubuhi unakuta lote liko chini, na unadhani pampu ndiyo mbovu. Kumbe kona tatu zimemfuata mgonjwa.

Dawa yake ni kuing'oa fyuzi ili kila kona ijitegemee, kisha kupima. Kijana hakuwa na kitu cha kupimia zaidi ya rula. Sisi tulikuwa na futi ya cherehani mkobani. Basi usiku ule, baada ya fundi kujaza tangi kwa mtambo wake wa matairi na gari kuinuka, fyuzi ikang'olewa, na tukaanza kuzunguka gari, mmoja ameshika tochi na mwingine ameshika futi. Tulipima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madgadi, tukaandika katika daftari la mtoto wa shangazi. Kona zote zilikuwa sentimeta 47.

Hatukuwa tumekaa pamoja hivyo kwa muda mrefu. Wakati wa kupima kona ya tatu baba watoto alisema, bila kutuangalia, kwamba angetuambia kuhusu zile fedha, lakini kila alipofungua mdomo alikumbuka kwamba yeye ndiye mjuzi wa magari. Sisi tukasema kwamba na sisi tulifurahia kuonekana kanisani tukishuka katika viti vya ngozi, kwa hiyo tusimtwike yote. Kisha tukapima kona ya nne.

Alfajiri tulikuta nyuma kushoto 36. Mbele kulia 44 na nusu. Kona mbili nyingine zilikuwa 47 kamili. Kwa hiyo wagonjwa walikuwa wawili, na kama tungebadilisha mfuko mmoja tu tungerudi kulia tena.

Fundi hakuishia hapo. Kona ikishuka, alisema, bado hujui kama mfuko ndio unaovuja au ni bomba lake au ni kisanduku cha vali. Alizitenga zile kona mbili, akafunga kwenye kila mfuko vali ya tairi ya kawaida, akazijaza kwa mtambo kama anavyojaza gurudumu, na tukapima tena usiku wa pili. Nyuma kushoto ilishuka vile vile. Basi mfuko una hatia. Mbele kulia haikushuka hata kidogo, basi mfuko ni mzima na uvujaji uko njiani. Aliupata kwa povu la sabuni, mahali bomba la plastiki linapoingia kwenye kisanduku. Ncha ya bomba ilikuwa imekatwa mshazari na mtu wa zamani, na vipete vya mpira vya ndani vilikuwa vimekauka. Alikata ncha kwa wembe, ikawa sawasawa, akaweka vipete vipya. Gharama ya kona ile haikufika bei ya kilo tatu za nyama.

Mfuko wa nyuma ulipofunguliwa ulikuwa na mipasuko midogo midogo pale unapojikunja, kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi. Wa upande wa pili ulikuwa umeanza vivyo hivyo, kwa hiyo mifuko ya nyuma ilinunuliwa yote miwili. Ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam, shilingi 460,000. Kompresa ya pili haikutupwa. Ilibadilishwa ile pete ya pistoni, na kile kikopo kinachonyonya unyevu wa upepo kikajazwa chembe mpya, kwa kuwa za zamani zilikuwa zimegeuka uji. Upepo wenye maji hula vali kwa kutu, na kisanduku cha vali ni kitu cha gharama. Fundi wa kwanza hakukifungua kikopo kile mara zote mbili. Tulihesabu: mifuko, pete, chembe, vipete na ufundi wote, na bado havikufika bei ya kompresa moja kati ya zile mbili.

Lipo jambo ambalo wengi watatuuliza, nalo ni kwa nini tusingefunga springi za chuma tukamaliza. Watu wengi wa magari haya hufanya hivyo, na si ujinga. Zipo springi zinazotengenezwa makusudi kuchukua nafasi ya mifuko, na gari likishafungwa hizo halichuchumai tena. Lakini halijiinui tena kwenye tope, mgongo wa mama mkwe unarudi kwenye mateso, na kompyuta isipotulizwa ipasavyo taa ya onyo itawaka daima. Baba watoto ndiye aliyetaka chuma. Sisi ndio tuliotaka upepo. Labda ni kwa sababu tulikuwa tumeshaulewa, na mtu huona uchungu kutupa kitu mara tu anapokielewa. Tulikubaliana kwamba mfuko wa mbele ukianza kuvuja kabla deni la VICOBA halijaisha, tutafunga chuma. Haukuvuja.

Deni liliisha baada ya miezi kumi na mitano, na baba watoto alilipa zaidi ya nusu, kwa kahawa na kwa kuwasafirishia watu maharusi. Akaunti ya ada sasa ina sahihi mbili. Hakupenda mwanzoni, hasa karani wa benki alipomwuliza kwa sauti kwa nini anabadilisha.

Binti yetu alimaliza masomo yake, na mara ya mwisho alipokuja likizo kutoka kituo chake cha kazi tulikula wote mpaka usiku. Tulikuwa tumeshalala aliposikika mdogo wake akigonga mlango wetu. Amekuwa mkubwa sasa, halii. “Baba,” akasema, “nyoka amerudi.” Baba watoto alichukua tochi, sisi tukachukua futi, na binti akaenda jikoni kukoroga sabuni.